Rehani, Farasi na Ndege: Njia Tatu za Sinema ya Italia Kuelekea Pemba

Katika historia ya burudani ya visiwa vya Zanzibar, sinema ya Italia haikupewa mlango wake, kwa sababu haikufika Pemba ikijitambulisha kwa jina lake. Watazamaji wa Wete na Chake Chake, miji iliyokuwa na majumba ya sinema katikati ya karne ya 20, walizijua na kuzipenda zaidi filamu za Kihindi, kisha zile za Kimarekani. Lakini ndani ya zile za Kihindi mlikuwamo mafunzo yaliyotoka Roma, na nyingi kati ya zile zilizodhaniwa kuwa za Kimarekani zilikuwa kazi ya Waitalia waliojificha nyuma ya majina ya kubuni. Mara ya tatu Waitalia walikuja wenyewe, wakiwa ndani ya ndege, na picha walizopiga juu ya Unguja mwezi Januari 1964 zingali zikiumiza nyoyo hadi leo. Njia hizo tatu zinastahili kuelezwa pamoja, kwa kuwa anayezijua mbili za mwanzo huiangalia ya tatu kwa jicho jingine kabisa.

Vita Vikuu vya Pili vilipomalizika, studio kubwa za Cinecittà, zilizofunguliwa mjini Roma mwaka 1937 na serikali ya Mussolini, zilikuwa zimegeuzwa kambi ya wakimbizi. Waongozaji wa filamu hawakuwa na majumba ya kupigia picha, wala taa za kutosha, wala filamu ghafi ya kuaminika, na hapo wakatoka mitaani. Roberto Rossellini alitoa Roma città aperta mwaka 1945, ambamo Anna Magnani aliigiza mwanamke wa mtaa anayepigwa risasi akilikimbilia gari lililomchukua mchumba wake. Sura yake isiyopambwa, nywele zimetimka, ilivunja desturi ya sinema ya kuonyesha wanawake waliopakwa poda na kuangaziwa taa laini. Mtindo huo ukaitwa neorealismo, yaani uhalisia mpya: hadithi za watu wa kawaida, zinazopigwa picha mahali penyewe, mara nyingi kwa kuwatumia watu ambao hawajawahi kuigiza, na sauti kupachikwa baadaye studio.

Kazi inayoonyesha mtindo huo waziwazi kuliko zote ni Ladri di biciclette, maana yake wezi wa baiskeli, iliyoongozwa na Vittorio De Sica mwaka 1948. Antonio, mtu aliyekaa muda mrefu bila kazi, anapata kibarua cha kubandika mabango, kwa sharti kwamba awe na baiskeli. Baiskeli yake imewekwa rehani. Mkewe Maria anavua mashuka kitandani, anayafunga na kuyapeleka rehani badala yake, na hapo kamera inamfuata mfanyakazi wa duka la rehani anayelibeba furushi hilo na kupanda nalo rafu moja baada ya nyingine, mpaka mtazamaji anatambua kwamba rafu zote hizo ndefu kama minara zimejaa mashuka ya watu wengine. Hakuna anayesema neno lolote kuhusu umaskini wa Roma, na hakuna haja. Baiskeli inaibwa siku ya kwanza ya kazi, wakati Antonio amepanda ngazi kubandika bango la sinema ya Kimarekani, na sehemu iliyobaki ni baba na mwanawe mdogo Bruno wakizunguka mji mzima kuitafuta. Aliyemwigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani kweli, na baada ya filamu kumletea sifa dunia nzima alirejea kiwandani, kisha akapunguzwa kazi.

Neno rehani halikuhitaji kufasiriwa Pemba. Kisiwa hicho, kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, kilikuwa katika miaka ya 1930 kisiwa cha madeni: bei ya karafuu ilipoanguka duniani, wenye mashamba walijikuta wameweka mikarafuu rehani kwa wenye mitaji, na wengine waliuza mavuno yakiwa bado mtini ili wapate fedha za kula na za kuwalipa wachumaji. Hali hiyo ndiyo iliyoisukuma serikali ya kikoloni kukipa nguvu za kisheria Chama cha Wakulima wa Karafuu mwaka 1934 na kutunga sheria za kuzuia ardhi isihame mikononi mwa wenyewe, hatua zilizozaa mgogoro mkubwa na wafanyabiashara wa Kihindi na kususiwa kwa biashara ya karafuu mwaka 1937. Kwa hiyo, mtu aliyemwona mzazi wake akihesabu pishi za karafuu juu ya jamvi, huku akijua kwamba nyingi kati yake zina mwenyewe tayari, angeielewa hadithi ya Antonio na Maria hata kama asingejua neno moja la Kiitaliano.

Ila hadithi hiyo ilikuja kwa njia ya kwanza, ile ya kupitia Bombay. Mwezi Januari 1952 tamasha la kwanza la kimataifa la filamu la India lilifunguliwa katika mji huo, na kazi za De Sica na Rossellini zikaonyeshwa humo. Miongoni mwa waliotoka ukumbini wakiwa wamebadilika alikuwa mwongozaji Bimal Roy, ambaye mwaka 1953 alitoa Do Bigha Zamin, habari za mkulima anayedaiwa na mwenye ardhi na kutishiwa kunyang'anywa kipande chake cha shamba, akaenda Calcutta kuvuta gari la mkono huku mwanawe akipiga viatu rangi barabarani. Mwigizaji Balraj Sahni, msomi wa mjini, alijifunza kweli kulivuta gari hilo kwa ajili ya kazi hiyo, na filamu ikapata tuzo katika tamasha la Cannes mwaka 1954. Mwaka huohuo studio ya Raj Kapoor ilitoa Boot Polish, ambayo watoto wake wawili wapiga rangi viatu ni ndugu wa damu wa watoto wa Sciuscià, filamu ya De Sica ya mwaka 1946.

Uzuri wa mabadiliko hayo ni kwamba Wahindi hawakunakili. Wa Roma walikuwa wakavu, wakiacha kimya kiseme. Wa Bombay waliweka nyimbo, wakaweka mama anayelia, wakaweka tumaini mwishoni, na kwa kufanya hivyo waliifanya kazi hiyo ipokelewe na watu wa pwani ya Afrika Mashariki ambao nyimbo kwao ni sehemu ya hoja. Raj Kapoor, kwa sura yake ya mzururaji mwenye suruali fupi na moyo mkubwa, alipendwa Zanzibar kuliko nyota yeyote wa Marekani, na Awara ya mwaka 1951 ilitazamwa na watu walioirudia tena na tena. Sauti za filamu hizo ziliingia katika taarabu, ambako watunzi walizivika maneno ya Kiswahili, na hadithi zake zilisimuliwa barazani kwa waliokosa tiketi na kwa wale waliokaa mbali na mji. Filamu zenyewe zilivuka mkondo wa Pemba kwa chombo, zikiwa zimeviringishwa ndani ya makopo ya bati, makopo kadhaa kwa hadithi moja.

Wakati huo Italia ilikuwa imekwisha kuacha ukali wa uhalisia mpya. Fedha za Marekani zilikuwa zimeingia Cinecittà, na waigizaji wa kike kama Gina Lollobrigida na Sophia Loren walikuwa wamekuwa nyota wa dunia; Loren, aliyekulia Pozzuoli karibu na Napoli katika dhiki ya vita, alirudi kwenye kumbukumbu hiyo katika La ciociara ya mwaka 1960 na kupata tuzo ya Oscar, akiwa wa kwanza kuipata kwa uigizaji mkuu katika lugha isiyo Kiingereza. Mwenzao Elsa Martinelli, mzaliwa wa Grosseto, ndiye aliyefika Tanganyika. Mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961 alikuwa Momella, chini ya Mlima Meru, akiigiza pamoja na John Wayne katika filamu ya Kimarekani iliyopewa jina la Kiswahili, Hatari!, ambamo yeye ni mpiga picha wa Kiitalia anayelea watoto wa tembo na kuitwa Mama Tembo. Ni filamu yenye furaha, na wanyama wake walikamatwa kweli na waigizaji wenyewe, ila Watanganyika, katika mwaka waliopata uhuru wao, wamo ndani yake kama wasaidizi wasio na hadithi.

Njia ya pili ilipita jangwani Almería, kusini mwa Uhispania. Huko Sergio Leone alipiga Per un pugno di dollari, yaani kwa konzi ya dola, mwaka 1964, akiijenga juu ya hadithi ya Yojimbo ya Mjapani Akira Kurosawa, na kwa kuwa aliamini kwamba hakuna mtazamaji ambaye angenunua tiketi ya filamu ya kauboi iliyotengenezwa na Mtaliano, alijiita Bob Robertson, mtunzi wa muziki Ennio Morricone akaitwa Dan Savio, na Gian Maria Volonté, aliyeigiza adui, akaitwa John Wells. Wakosoaji walizibeza filamu hizo kwa kuzipa jina la tambi za Kiitalia. Watazamaji hawakujali. Django ya Sergio Corbucci, mwaka 1966, ilimleta Franco Nero akiburura jeneza matopeni. Giuliano Gemma aliigiza Ringo. Na kuanzia mwaka 1970 Mario Girotti na Carlo Pedersoli, wakijulikana kama Terence Hill na Bud Spencer, waliigeuza bunduki kuwa kofi na kofi kuwa kicheko. Pedersoli, lile pande la mtu lenye ndevu, alikuwa muogeleaji aliyeiwakilisha Italia katika Olimpiki za 1952 na 1956, na Mtaliano wa kwanza kuogelea mita 100 chini ya dakika moja.

Filamu hizo zilienea katika majumba ya sinema ya Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, wakati majumba ya Zanzibar yalikuwa yamechukuliwa na serikali ya Mapinduzi na usambazaji wa Bara ukielekezwa kwenye Kampuni ya Filamu Tanzania iliyoundwa mwaka 1968. Vijana walizipenda kwa sababu ambayo wataalamu wa Ulaya walichelewa kuiona: zilitengenezwa tangu mwanzo zisitegemee maneno. Mwigizaji mmoja alisema Kihispania, wa pili Kiitaliano, wa tatu Kiingereza, na sauti zote zikapachikwa baadaye. Kilichobaki kubeba hadithi ni jicho, mkono ulio karibu na kiuno, na filimbi ya Morricone. Steringi, kama anavyoitwa shujaa wa filamu katika Kiswahili cha mitaani, alikuwa mtu maskini mwenye vumbi, na matajiri wenye ardhi ndio maadui. Jina la Ringo linasikika hadi leo kama jina la utani, mara nyingi kwa mtu ambaye hajawahi kuiona filamu yenyewe.

Njia ya tatu ni ya uchungu. Gualtiero Jacopetti, mwandishi wa habari aliyepata umaarufu kwa Mondo cane ya mwaka 1962, na mwenzake Franco Prosperi, waliizunguka Afrika kwa karibu miaka mitatu wakipiga picha za kuondoka kwa wakoloni, na mwaka 1966 wakatoa Africa addio, kwaheri Afrika. Siku chache baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 walirusha ndege juu ya Unguja na kupiga picha za makaburi ya halaiki, za misururu ya watu wakipelekwa, na za watu waliovaa nguo nyeupe wakikimbilia ufukweni. Kwa familia nyingi za Pemba, zenye ndugu na jamaa Unguja, waliokimbilia huko au waliotoka huko, picha hizo si historia ya mbali.

Filamu nzima inaeleza kwamba Mwafrika aliyeachiwa nchi ataiteketeza, na msimulizi hamuulizi mtu hata mmoja aliyemo katika picha. Mwezi Agosti 1966 wanafunzi wa Kiafrika na wa Kijerumani waliandamana dhidi yake mjini Berlin Magharibi. Kabla ya hapo, gazeti la Italia lilikuwa limedai kwamba mauaji fulani ya Kongo yalipangwa kwa ajili ya kamera, na Jacopetti akachunguzwa kisheria na kuachiwa bila hatia. Kuhusu Unguja, waliokufa walikufa, na asiyewahurumia hana haja ya kuandika historia. Lakini kanda hiyo, ambayo sasa hupita kwa urahisi katika simu na kutumiwa kuwachochea watu, lazima itazamwe kama filamu: imekatwa, imewekewa muziki wa Riz Ortolani, imepigwa kutoka juu. De Sica alimfuata Bruno kwa kamera iliyo usawa wa macho ya mtoto, mpaka pale mtoto anapoushika mkono wa baba yake aliyefedheheka. Katika picha za Jacopetti, watu wa Unguja ni nukta nyeupe juu ya mchanga, hawana uso, hawana jina, na hawasemi.

Miaka michache baadaye Mtaliano mwingine, mshairi na mwongozaji Pier Paolo Pasolini, alikuja Tanzania na Uganda akitafuta nyuso za kuigiza tamthilia ya Kigiriki ya kale kuhusu kisasi kinachogeuka kuwa sheria. Alipiga picha katika soko la Kigoma na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akisimama mbele ya watu, karibu nao, na matokeo yake ni Appunti per un'Orestiade africana ya mwaka 1970. Aliporudi Roma, aliwaita wanafunzi wa Kiafrika waliosoma huko, akawaonyesha alichokipiga, akawauliza maoni yao. Nao walimpinga, wakimwambia kwamba Afrika si nchi moja bali ni bara la mataifa mengi. Pasolini aliyaacha maneno yao ndani ya filamu, na sura zao, wamekaa kwenye viti vya darasa la chuo, ndizo zinazomkatiza mwongozaji katikati ya kazi yake mwenyewe.