Anayesubiriwa Haachi

Kila mwanzo wa mwaka barabara za miji yetu hupata watu wapya, raba miguuni, waliojiapiza kwamba safari hii watakimbia kweli. Wiki chache baadaye wengi wao hawaonekani tena, na maelezo yanayotolewa huwa yaleyale: hawakuwa na nia, ni wavivu, hawana nidhamu. Maelezo hayo hayalingani na historia. Mbio za watu wa kawaida, yaani za mtu mzima asiyetafuta medali wala riziki katika riadha, si desturi ya kale. Kama vuguvugu la mijini zina umri wa miaka sitini na ushee tu, na tunajua zilianzia wapi, nani walizianzisha na zilisambaa vipi. Ukizifuatilia tangu mwanzo, unaona kwamba waanzaji walidumu pale walipopata mambo matatu: wenzao waliowasubiri, mwendo uliowaruhusu kuzungumza, na siku iliyojulikana na wote. Palipokosekana hayo, nia ya mtu peke yake haikumfikisha mbali.

Chanzo kimojawapo kikubwa ni mji wa Auckland, New Zealand, na mtu mmoja aliyeitwa Arthur Lydiard. Alizaliwa 1917, akafanya kazi kiwandani kutengeneza viatu, akacheza raga, na kama vijana wengi alijiona yuko imara. Katikati ya miaka ya 1940 alikwenda mbio za kilometa zipatazo nane na Jack Dolan, mtu aliyemzidi umri, akaishiwa pumzi vibaya. Kwa miaka iliyofuata alijifanyia majaribio katika mwili wake mwenyewe, akiongeza na kupunguza umbali, mpaka akawa bingwa wa marathoni wa nchi yake 1953 na 1955. Vijana wa mitaa ya jirani walianza kumfuata. Siku moja ya Septemba 1960, katika Olimpiki ya Roma, wawili kati yao walitwaa dhahabu kwa kupishana muda mfupi: Peter Snell katika mita 800 na Murray Halberg katika mita 5,000. Siku chache baadaye Barry Magee akapata shaba ya marathoni. Ulimwengu ukataka kujua siri ya fundi viatu huyu, naye hakuwa na la kuficha: kilometa nyingi za mwendo wa wastani, zikiwemo zile za mzunguko mrefu wa kilometa 35 katika vilima vya Waitakere, watu wakikimbia pamoja.

Umaarufu huo ungeweza kuishia kwenye medali. Badala yake Lydiard alianza kualikwa kuzungumza na wafanyabiashara wa makamo, wenye vitambi na wasiwasi, baadhi yao wakiwa tayari wamepata mshtuko wa moyo. Wakati huo ushauri wa kawaida kwa mgonjwa wa moyo ulikuwa kupumzika. Lydiard aliwaambia kinyume chake, ila kwa sharti kwamba wajizoeze bila kujitesa. Mwaka 1962 kundi la watu hao lilianza kukutana nyumbani kwa Colin Kay, mwanariadha wa zamani ambaye baadaye alikuwa meya wa Auckland, na kutoka hapo wakaenda taratibu kando ya bahari. Ndivyo ilivyozaliwa klabu ya joging ya Auckland. Haikuwa na mshindi wala saa ya kupimia muda. Ilikuwa na nyumba ya kukutania, saa ya kuondoka na kanuni kwamba asiyeweza kuzungumza huku akikimbia amezidisha kasi.

Mwishoni mwa mwaka huohuo alifika New Zealand kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, Bill Bowerman. Alikuwa na umri wa miaka 51 na wanariadha wake walikuwa miongoni mwa bora duniani. Lydiard alimchukua kwenye mbio za Jumapili pamoja na klabu hiyo. Kocha wa mabingwa akaachwa nyuma, na aliyerudi kumsindikiza alikuwa mzee wa zaidi ya miaka sabini aliyewahi kuugua moyo. Tukio hilo husimuliwa kama kichekesho, lakini kwa hoja yetu uzito wake uko katika yule mzee. Alikuwa na uwezo wa kwenda mbele, akachagua kukaa na mgeni, akimwongelesha njia nzima. Bowerman alikaa New Zealand wiki kadhaa, akikimbia na watu wa aina hiyo, na aliporudi Oregon alikuwa amepungua kilo na amepata kazi mpya ya kufanya.

Mapema 1963 alianza kuwakaribisha wakazi wa Eugene, mji wa chuo chake, katika uwanja wa Hayward. Mwanzo walikuja wachache, kisha mamia, hadi wakafika wengi kiasi cha kumtia hofu kwamba mtu angeweza kuanguka na kufa, akawaambia warudi nyumbani kwanza. Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachofundisha zaidi. Alishirikiana na daktari wa moyo, W. E. Harris, wakawagawa watu wa makamo katika vikundi vidogo vyenye viongozi, wakawapa ratiba ya kuchanganya kutembea na kukimbia, na kuongeza umbali kidogo kidogo. Mwaka 1967 wawili hao walitoa kitabu kilichouza zaidi ya nakala milioni moja. Umati uliokuja bila mpangilio ulilazimika kutawanywa, ilhali vikundi vidogo ndivyo vilivyotoa mafunzo yaliyojaza kitabu na kusambaa nchi nzima.

Mwendo wa pole wa Lydiard na Bowerman una sababu ndani ya mwili. Kwa mtu anayeanza, moyo na mapafu hupata nguvu haraka kuliko kano, viungo na mifupa. Baada ya wiki chache pumzi inatosha, mwanzaji anajiona amekuwa mkimbiaji, anaongeza kasi, na hapo ndipo muundi au kifundo kinapoanza kuuma. Anayekwenda peke yake hana wa kumzuia. Anayekwenda na wenzake huku wakizungumza hubanwa na mazungumzo yenyewe, kwa kuwa maneno yakikatika kila mtu anasikia. Waswahili husema mwenda pole hajikwai. Kwa mkimbiaji mpya usemi huo una maana ya moja kwa moja, kwa sababu anayeumia mapema huacha mapema, na kuacha kwa maumivu hakuna uhusiano wowote na uvivu.

Mtu anaweza kupinga kwamba vuguvugu hili lilijengwa na biashara, kwamba bila viatu bora na matangazo watu wasingekimbia. Ni kweli kwamba Bowerman huyohuyo aliungana na Phil Knight 1964 kuanzisha kampuni ambayo baadaye ilichukua jina la Nike. Lakini angalia mfuatano wa miaka. Wazee wa Auckland walikuwa barabarani tangu 1962 na watu wa Eugene 1963, soko la viatu vya joging likaja nyuma yao. Biashara ilikuta watu wakikimbia, ikawauzia, na baadaye ikabadilisha hadithi yenyewe. Matangazo yalianza kumwonyesha mkimbiaji kama mtu mmoja, alfajiri, kwenye barabara tupu, akishinda nafsi yake. Picha hiyo inauza kiatu vizuri, kwa kuwa kiatu hununuliwa na mtu mmoja mmoja, ila haielezi namna watu wa mwanzo walivyodumu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Wamarekani wengi wa miaka ya 1970 walikimbia wakiwa peke yao, na hawakuacha. Ni kweli, lakini hao nao walikuwa na pa kukutania, nayo ni mashindano yaliyo wazi kwa kila mtu. Marathoni ya New York ilianza 1970 ndani ya bustani ya Central Park ikiwa na washiriki 127, na waliomaliza walikuwa 55 tu. Mwaka 1976 mwandaaji wake Fred Lebow na wenzake waliitoa nje, ikapita katika sehemu zote tano za jiji, na washiriki wakazidi 2,000. Marathoni ya London ikafuata 1981. Mtu aliyekimbia peke yake Jumanne alijua kwamba kuna siku kwenye kalenda ambapo maelfu watamtarajia mstarini. Ushahidi wa upande wa pili uko kwa wanawake. Marathoni ya Boston haikuwapokea rasmi hadi 1972, ingawa Bobbi Gibb aliikimbia bila namba 1966, na 1967 afisa wa mashindano alijaribu kumtoa Kathrine Switzer barabarani kwa nguvu. Nia walikuwa nayo, tena kuliko wanaume wengi, lakini mlango ulifungwa na waliojitokeza wakabaki wachache. Ulipofunguliwa, idadi yao ikapanda mwaka hadi mwaka.

Je, si elimu ya afya iliyowasukuma watu? Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alieleza faida za mazoezi ya pumzi katika kitabu chake cha 1968, na Jim Fixx akauza nakala nyingi mno za kitabu chake cha 1977. Bila shaka vitabu hivyo viliwaanzisha wengi. Lakini Julai 1984 Fixx mwenyewe alikufa kwa ugonjwa wa moyo akiwa mbioni, na umri wake ulikuwa miaka 52. Kama hoja za afya ndizo zilizokuwa nguzo ya vuguvugu, habari hiyo ingelibomoa. Haikufanya hivyo. Watu waliendelea kwenda mbioni kwa sababu walikuwa na wenzao wa kukutana nao wikendi. Miaka ishirini baadaye, Oktoba 2, 2004, Paul Sinton-Hewitt, mkimbiaji aliyekuwa ameumia na asiyeweza kukimbia, aliwaita rafiki zake katika bustani ya Bushy, London, akisimamia mbio za kilometa tano ili asipoteze ushirika wao. Walikuja 13. Mkusanyiko huo wa bure, unaofanyika kila Jumamosi, leo unaitwa parkrun na umeenea katika nchi zaidi ya ishirini, na wapo wanaoumaliza kwa kutembea.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kusema kwamba haya yote ni mambo ya mbali, na kwamba sisi tuna mabingwa wetu. Mabingwa hawaelezi kitu hapa, kwa sababu mhasibu wa Nairobi hakimbii kwa mapafu ya mtu wa Iten, japo hata kule Iten wanariadha hukutana alfajiri na kuondoka kwa makundi. Cha kutazama ni mchakamchaka. Kwa miongo mingi shule za Tanzania, na kambi za Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa 1963, zilianza siku kwa mbio za mstari, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Wimbo ulifanya kazi ileile ambayo mazungumzo yalifanya Auckland: haiwezekani kuitikia ukiwa umeishiwa pumzi, hivyo mwendo wa kundi ulibaki ndani ya uwezo wa wengi. Vijana walioona kilometa tatu kuwa adhabu wakiwa peke yao walizimaliza wakiimba.

Hapo panazuka pingamizi la haki. Kama kundi na wimbo vinatosha, mbona wengi wa waliokimbia mchakamchaka shuleni hawakukimbia tena baada ya kuhitimu? Jibu ni kwamba mchakamchaka ulikuwa na kila kitu isipokuwa hiari. Aliyechelewa aliadhibiwa, na amri ilipoondoka, mbio zikaondoka nayo. Klabu za joging za Dar es Salaam zimeuchukua muundo huohuo, nyimbo, mistari na sare, zikaondoa fimbo. Mwanachama asipoonekana hupigiwa simu, wala haandikwi mtoro, na zipo klabu zinazochangiana kwenye misiba na harusi. Zanzibar vikundi vya mazoezi hukutana kila Januari 1 kwa tamasha lao, na Kigali hufunga baadhi ya barabara kwa magari Jumapili maalumu tangu 2016 ili watu wakimbie na kutembea. Moshi na Nairobi zina marathoni zao tangu 2003, na ile ya Moshi, iitwayo ya Kilimanjaro, ina kilometa tano kwa asiyeweza zaidi. Haya yote ni mambo ya kalenda na ya watu, na mwanzaji anayakuta tayari yanamngoja.

Hoja hii haisemi kwamba nia haina kazi. Nia humtoa mtu kitandani siku ya kwanza, na wapo wachache wanaodumu kwa hiyo tu, wasiotaka sauti ya mtu asubuhi. Inasema kwamba kumlaumu aliyeacha ni kumpa tiba isiyo ya ugonjwa wake. Kwa hiyo wewe unayeanza, kabla hujafikiria kiatu wala saa ya mkononi, tafuta mtu mmoja atakayekupigia simu usipotokea, mpange siku mbili au tatu za wiki zisizobadilika, na mwende kwa kasi inayowaruhusu kupiga soga mpaka mwisho. Jiandikisheni pia kwenye mbio fupi ya karibu nanyi, hata kama mtaimaliza mkitembea. Na wewe uliyezoea, Jumapili ijayo kaa nyuma na mgeni.