Woga unatoka wapi: kichwani ao tumboni?

Wandugu, kila sesheni ikikaribia naona jambo lilelile: usiku watu wanasoma, asubuhi tumbo linaharisha. Tunasema woga umeshuka tumboni. Lakini je, unaweza pia kupanda, kutoka tumboni mpaka kichwani? Swali hilo liko na historia, na sehemu yake moja inaumiza.

Mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba mikrobi za utumbo mpana zinatoa sumu inayoharibu mwili mzima. Élie Metchnikoff, wa Institut Pasteur kule Paris, alishauri watu wanywe maziwa machachu, kama mashanza yetu. Hakuna aliyekufa kwa hiyo.

Henry Cotton hakuwa na subira ya maziwa. Kuanzia 1907 aliongoza hospitali ya wagonjwa wa akili huko Trenton, Marekani. Kwake wazimu ulitoka kwa mikrobi zilizojificha mwilini, basi akang'oa meno, akaondoa mafindofindo, mwishowe akakata utumbo mpana. Kati ya waliokatwa utumbo, karibu 30 kwa kila 100 walikufa, na hesabu hiyo aliitoa yeye mwenyewe! Miaka ya 1920 daktari Phyllis Greenacre alitumwa kuchunguza, akakuta matibabu hayasaidii. Ripoti yake haikutangazwa, Cotton akaendelea. Hapo njo nakasirika: ukweli ulikuwa tayari umeandikwa.

Turuke mpaka 2004, Japani. Nobuyuki Sudo na wenzake, Chuo Kikuu cha Kyushu, walilea panya wasio na mikrobi hata moja. Walipowabana mahali pembamba, homoni za stresi zilipanda kuliko kwa panya wa kawaida. Walipowapa bakteria moja tu, Bifidobacterium infantis, zikatulia. Mikrobi za panya wa kawaida nazo zilisaidia zikitolewa mapema. Panya akisha kukomaa, wapi.

Mwaka 2011 timu ya McMaster, Kanada, ilichukua panya waoga, wale wanaokawia kushuka kutoka kijukwaani, na panya jasiri, ikabadilisha mikrobi zao. Waoga wakaanza kushuka haraka, jasiri wakasitasita. Mwaka huohuo, timu iliyofanya kazi na watafiti wa Cork, Ireland, iliona Lactobacillus inapunguza woga wa panya. Lakini neva ya vagasi, inayounganisha tumbo na ubongo, ikikatwa, faida inapotea.

Mambo si rahisi hivyo, lakini. Mwaka 2011 tena, huko Stockholm, panya wasio na mikrobi walionyesha woga kidogo kuliko wenzao. Kwa Sudo homoni juu, huku woga chini! Tena panya hawezi kusema anasikia nini. Tunaona tu anakimbilia pembeni ao anatoka.

Na watu je? Lactobacillus ileile ilijaribiwa kwa wanaume 29 wenye afya. Matokeo yalitoka 2017: haikushinda kidonge kitupu.

Juzi rafiki mmoja alinitumia tangazo la poda ya kusafisha utumbo, eti stresi itaisha kwa siku saba. Nilimuuliza: ilijaribiwa kwa nani, na waliokunywa walikuwa wangapi? Niko nangojea jibu.