Mahudhurio ya wanafunzi wa shule ya msingi

Mahudhurio ya wanafunzi ni kiwango ambacho wanafunzi walioandikishwa katika shule hufika darasani katika siku za masomo. Katika shule za msingi nchini Tanzania, mwalimu wa darasa huita majina na kuyaandika mahudhurio katika daftari maalumu kila siku. Mwanafunzi anayekosa bila ruhusa huitwa mtoro. Walimu hutofautisha utoro wa rejareja, yaani kukosa siku moja moja, na utoro sugu, yaani kutoonekana shuleni kwa majuma au miezi. Mara nyingi utoro sugu huanzia katika utoro wa rejareja ambao haukufuatiliwa mapema.

Historia

Kwa miaka mingi juhudi za serikali za Afrika Mashariki zilielekezwa zaidi katika kuandikisha watoto. Nchini Tanzania, Halmashauri Kuu ya TANU iliyokutana Musoma mwezi Novemba 1974 iliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ilifanya kuandikishwa na kuhudhuria shule ya msingi kuwa lazima, na mzazi au mlezi asiyetimiza wajibu huo anaweza kushtakiwa.

Ada iliyokuwa imerudishwa katika miaka ya 1980 ilifutwa mwaka 2001, na kufuatiwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa miaka 2002-2006. Januari 2016 elimu ya umma ilianza kutolewa bila ada hadi kidato cha nne. Uganda ilianza elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, Kenya ilifuta ada mwaka 2003 na Burundi mwaka 2005.

Hatua hizo zilijaza madarasa. Hata hivyo, kuandikishwa si sawa na kuhudhuria. Tena wingi wenyewe ulileta ugumu mpya: katika darasa lenye watoto zaidi ya mia moja, mtoto mmoja anaweza kukosekana siku kadhaa bila mtu kutambua.

Upimaji

Asilimia ya mahudhurio hupatikana kwa kugawanya jumla ya siku walizohudhuria wanafunzi kwa jumla ya siku walizotakiwa kuhudhuria, kisha kuzidisha kwa 100. Kwa mfano, darasa la wanafunzi 50 katika mwezi wenye siku 20 za masomo hutakiwa kuwa na mahudhurio 1,000. Yakipatikana 860, mahudhurio ni asilimia 86.

Wastani huo peke yake hauelezi tatizo liko wapi. Mahudhurio 140 yaliyopungua yanaweza kuwa ya wanafunzi 7 ambao hawakuonekana mwezi mzima. Yanaweza pia kuwa ya wanafunzi 35 waliokosa siku 4 kila mmoja, labda kwa sababu kila juma kuna siku ya gulio kijijini. Hali ya kwanza inahitaji kutembelea kaya 7. Ya pili inahitaji mazungumzo na kijiji kizima. Kwa hiyo daftari husomwa kwa jina la mwanafunzi na kwa siku ya juma, pamoja na jumla ya mwisho wa mwezi.

Siku moja kwa juma huonekana ndogo, lakini hukusanyika. Mwaka wa masomo wa shule za msingi Tanzania una siku 194. Mwanafunzi anayekosa siku moja kila juma hupoteza takriban siku 39 kwa mwaka. Katika miaka 7, hasara hiyo hufikia siku zaidi ya 270, yaani zaidi ya mwaka mzima wa masomo, ingawa jina lake halikuwahi kufutwa daftarini.

Sababu za kutohudhuria

Neno utoro hufunika mambo mengi yasiyofanana. Miongoni mwa sababu za kawaida ni:
- kazi za nyumbani, kama kuchunga mifugo, kuamia ndege mashambani, kuuza bidhaa gulioni au kulea wadogo;
- maradhi, hasa malaria na minyoo;
- njaa na umbali wa shule, pamoja na mito inayojaa wakati wa masika;
- kukosa sare, madaftari au michango;
- ukosefu wa vyoo vyenye maji na faragha kwa wasichana walio katika hedhi;
- hofu ya viboko, au aibu ya kushindwa kusoma mbele ya wenzake.

Mtoto aliyekosa siku chache huweza kukuta somo limempita. Asiposaidiwa, hushindwa kufuata, huchoka, kisha hukosa tena.

Njia za kuboresha mahudhurio

Chakula shuleni ni njia iliyotumika katika nchi nyingi. Kenya ilianza kugawa maziwa ya shule, maarufu kama maziwa ya Nyayo, mwaka 1979. Katika shule nyingi za Tanzania wazazi huchangia mahindi na maharage kupitia kamati ya shule ili watoto wapate uji au makande. Chakula cha mchana huwasaidia pia wanafunzi kubaki kwa vipindi vya alasiri.

Kuhusu afya, utafiti wa Edward Miguel na Michael Kremer katika shule 75 za Busia, magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2004, ulieleza kuwa dawa za minyoo zilipunguza utoro kwa takriban robo. Uchambuzi mpya wa takwimu hizo mwaka 2015 ulizua mjadala kuhusu ukubwa wa matokeo hayo.

Ruzuku kwa kaya maskini ni njia nyingine. Katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, sehemu ya ruzuku hutolewa kwa sharti kwamba mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo.

Njia isiyo na gharama kubwa ni ufuatiliaji wa mapema: mwalimu wa darasa kuuliza siku ileile kupitia wenzake au simu ya mzazi, kisha kamati ya shule na mwenyekiti wa kitongoji au mtaa kuhusishwa kabla ya jambo kufika kwa mtendaji wa kata. Ufuatiliaji huo hufaa zaidi unapoanza kwa kutafuta sababu.

Adhabu na kurejea shuleni

Kanuni za mwaka 2002 nchini Tanzania zinaruhusu viboko visivyozidi 4, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Kumchapa mtoto kwa utoro kuna kasoro ya wazi: adhabu humpata siku aliyorudi, si siku aliyokosa. Mtoto aliyekosa siku mbili anaweza kuiogopa siku ya tatu na kuendelea kubaki nyumbani.

Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliruhusu wanafunzi wa shule za msingi na sekondari waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurejea shuleni. Anayerejea huhitaji kupokewa bila kuaibishwa, kufundishwa yaliyompita na kupewa madaftari ya wenzake anakili. Majuma ya kwanza baada ya kurejea ndiyo yanayohitaji uangalizi wa karibu zaidi.

Tazama pia
- Elimu ya msingi
- Elimu nchini Tanzania
- Haki za mtoto