Unyuzinyuzi wa jotoridi katika matao ya Jua

Korona ni tabaka la nje kabisa la angahewa ya Jua. Ndani yake husimama matao makubwa ya plazma, kila tao likiwa limekita miguu miwili kwenye uso wa Jua, na uga wa sumaku ndio unaolishikilia. Unaweza kuyaita vitanzi, lakini mimi nashika matao: kinachong'aa na kupigwa picha ni upinde, ilhali kitanzi humletea msomaji duara linalokaza.

Ugumu hasa uko kwenye istilahi ya jinsi jotoridi linavyotofautiana ndani ya tao moja, kwa vipimo vidogo mno. Anayeiita tofauti hiyo "muundo laini" ametupoteza, maana hapa hakuna habari ya ulaini. Tao ni kama kamba ya usumba: kwa mbali ni kitu kimoja, ukilisogelea unaona nyuzi nyingi zilizolala pamoja. Joto husafiri kwa urahisi kufuata mistari ya sumaku, ila kuivuka kwenda upande wa pili ni kazi kubwa. Ndiyo maana uzi wa kelvini milioni moja unaweza kukaa ubavuni mwa uzi wa milioni tatu, na zisisawazishane.

Mwaka 2012 darubini ya Hi-C ilirushwa kwa roketi kutoka White Sands, New Mexico, ikaitazama korona kwa dakika tano hivi na kurudi chini. Ilirushwa tena 2018, na picha zake zikaonyesha nyuzi nyingi zenye upana wa kilomita 500 hivi. Chombo cha SDO, kilicho angani tangu 2010, hakioni kwa ukaribu huo, lakini kina vichujio vingi. Kichujio cha angstromu 171 hunasa mwanga wa ayoni za chuma kwenye kelvini 700,000 hivi. Cha angstromu 193 hunasa zilizo kwenye milioni 1.5. Tao likiwaka katika vyote viwili, usikimbilie kulipa jotoridi moja la wastani. Huenda limebeba nyuzi za namna zote mbili. Na suala hili ni zito: mwaka 1988 mwanafizikia Eugene Parker alipendekeza kwamba korona hupashwa joto na milipuko midogo mingi ya kisumaku, na milipuko ya namna hiyo ingeupasha kila uzi kwa wakati wake.

Sasa, kwa nini tusiseme "muundo wa nyuzi" tu? Kwa sababu katika habari za joto, nyuzi ni za kipimajoto. Mwanafunzi atadhani tunahesabu nyuzi za Selsiasi. Neno nyuzinyuzi halina utata huo, na wakulima wa mkonge na watu wa lishe wanalitumia kila siku. Kwa hiyo napendekeza unyuzinyuzi wa jotoridi. Walimu na watafsiri wa fizikia, lijaribuni neno hili darasani na katika vitabu vyenu.