Uprogramu wa funguo za magari

Uprogramu wa funguo za magari ni kazi ya kuutambulisha ufunguo mpya kwa kompyuta ya gari ili injini ikubali kuwaka. Huambatana na kuchonga chuma cha ufunguo, kubadilisha kava la rimoti na kufuta funguo zilizopotea. Huduma hii hupatikana kwa mawakala wa kampuni za magari na kwenye maduka ya funguo, lakini wateja wengi huijua kupitia fundi anayewafuata walipokwama: nyumbani, ofisini au kando ya barabara. Gari lisilowaka halijipeleki gereji, na kulivuta ni gharama nyingine. Ndiyo maana fundi hutembea na karakana yake ndani ya begi.

Historia

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ufunguo wa gari ulikuwa chuma tu. Fundi mwenye tupa na jicho zuri aliweza kunakili meno yake kwa muda mfupi, na mwizi mwenye bisibisi aliweza kuvunja swichi na kuunganisha nyaya. Mwaka 1982 Renault Fuego ilianza kufungwa na kufunguliwa milango kwa rimoti, kifaa ambacho Wafaransa hadi leo hukiita plip, kutokana na jina la mbunifu wake Paul Lipschutz. Rimoti hiyo ilirahisisha maisha, ila haikumzuia mtu kuwasha injini.

Hatua ya kumzuia ilichukuliwa na General Motors kwenye Chevrolet Corvette ya 1986. Katika chuma cha ufunguo kiliwekwa kipande kidogo chenye ukinzani wa umeme, na gari lilipima ukinzani huo kabla ya kuwaka. Viwango vilikuwa 15 tu. Kwa kuwa mwizi angeweza kuja na funguo zote 15 mfukoni, kompyuta ilifanywa isubiri dakika kadhaa kila ilipopewa ufunguo usio wake.

Katika miaka ya 1990 ukinzani uliachia nafasi chipu yenye namba ya siri, na mfumo wa kuzuia injini, yaani imobilaiza, ukaenea kwa nguvu ya sheria. Umoja wa Ulaya uliufanya lazima kwa magari mapya ya abiria kuanzia Oktoba 1998, Australia ikafuata mwaka 2001 na Kanada mwaka 2007. Watafiti Jan van Ours na Ben Vollaard waliochunguza takwimu za Uholanzi walikadiria kuwa sharti hilo lilipunguza wizi wa magari kwa wastani wa asilimia 40 hivi kati ya 1995 na 2008. Ni mafanikio makubwa kwa kipande cha silikoni kinachotoshea kwenye ukucha.

Marekani haikutunga sharti kama hilo, na matokeo yake yalionekana wazi. Kuanzia 2021 vijana katika miji mbalimbali waliiba kwa wingi magari ya Hyundai na Kia ya kuwashia ufunguo wa kawaida, yasiyo na imobilaiza. Wakishabomoa plastiki ya usukani, waliyawasha kwa ncha ya kebo ya USB. Februari 2023 kampuni hizo mbili zilitangaza kuboresha programu za magari yapatayo milioni 8.3.

Afrika ina mchango wake wa kujivunia katika historia hii. KeeLoq, mfumo unaoifanya rimoti itume namba tofauti kila kitufe kinapobonyezwa, ulibuniwa Afrika Kusini: hesabu zake ni za Gideon Kuhn wa Chuo Kikuu cha Pretoria, na chipu yake ilitengenezwa na Willem Smit katika kampuni ya Nanoteq. Mwaka 1995 uliuzwa kwa kampuni ya Microchip ya Marekani kwa dola milioni 10, ukatumika kwenye magari na mageti ya nyumba duniani kote.

Jinsi unavyofanya kazi

Ndani ya kava la ufunguo mmoja mara nyingi mna vitu viwili vinavyofanya kazi mbalimbali, na kuvichanganya ndiko kunakowagharimu wenye magari. Cha kwanza ni rimoti ya milango, inayotumia betri. Cha pili ni chipu ya imobilaiza, ambayo haina betri kabisa. Swichi ya gari imezungushiwa koili ya waya. Ufunguo ukisogea hapo, koili huipa chipu nguvu kwa mawimbi ya takriban kilohezi 125, chipu hujibu swali la siri, na kompyuta ikiridhika huruhusu mafuta na cheche.

Kwa hiyo betri ikiisha, milango haifunguki kwa kitufe lakini gari bado huwaka. Hata kwenye magari ya kuwasha kwa kitufe, rimoti iliyokufa betri huwa na chuma kidogo kilichofichwa ndani yake cha kufungulia mlango, na gari huwaka rimoti ikigusishwa kwenye kitufe au ikiwekwa mahali maalumu palipoelezwa kwenye kitabu cha gari. Mwenye gari anayefahamu hilo hujaribu kwanza betri mpya, kwa kawaida CR2032 ya volti 3, kabla ya kumlipa mtu kuprogramu.

Kazi ya fundi

Kazi nyepesi ni kuongeza ufunguo wa pili huku wa kwanza ungalipo. Fundi huchomeka mashine kwenye soketi ya OBD chini ya usukani, soketi yenye pini 16, huchagua aina na mwaka wa gari, kisha huomba kompyuta iupokee mgeni. Kwenye Toyota nyingi za zamani ufunguo mkuu, ambao kava lake ni jeusi, huweza kusajili mwingine, ilhali ule wa kijivu, uliokusudiwa kukabidhiwa mlinzi wa maegesho, hauna uwezo huo. Ford nyingi zilizouzwa Marekani humruhusu mwenye funguo mbili kusajili wa tatu bila mashine yoyote.

Kazi nzito ni pale funguo zote zinapopotea. Kwanza mlango hufunguliwa bila kuvunjwa, mara nyingi kwa kifaa cha Lishi, kipande chembamba cha chuma kinachoingia kwenye kitasa na kusoma kina cha kila jino. Namba hizo hupelekwa kwenye mashine ya kuchonga, na ufunguo wa chuma hupatikana. Gari linafunguka, swichi inazunguka, lakini taa ya usalama kwenye dashibodi inaendelea kumeta: chuma kimekubaliwa, chipu bado.

Kwa Toyota kadhaa za miaka ya 2000, hapo fundi hulala chali chini ya dashibodi na kuchomoa kijisanduku cha imobilaiza. Ndani yake, kwenye bodi ya saketi, mna kumbukumbu ndogo yenye miguu minane, mara nyingi ya familia ya 93C. Huing'oa kwa joto, huisoma kwa kompyuta, huhifadhi nakala, kisha huandika upya data ili sanduku lijione kama limetoka kiwandani. Linaporudishwa, husubiri funguo za kwanza kana kwamba gari ni jipya. Mkono ukitetemeka na njia moja ya shaba ikanyanyuka kwenye bodi, mwenye gari hununua sanduku zima. Kwa magari mapya zaidi kazi hiyo hufanywa kwa mashine kama za Autel, Xhorse au Lonsdor bila kufungua kitu.

Wizi na udhaifu

Elimu inayomwezesha fundi ndiyo hiyohiyo inayotafutwa na mwizi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na kampuni ya RSA walivunja siri ya biti 40 ya chipu za Texas Instruments zilizotumiwa na Ford. KeeLoq nayo ilivunjwa mwaka 2008. Watafiti wa chipu ya imobilaiza ya Megamos walizuiwa na mahakama ya Uingereza mwaka 2013 baada ya Volkswagen kushtaki, na kazi yao ikachapishwa miaka miwili baadaye. Mwaka 2011 wanasayansi wa Zurich walionyesha kuwa mawimbi ya funguo janja, zile za magari ya kuwasha kwa kitufe, yanaweza kurefushwa kutoka mfukoni mwa mwenye gari hadi kwenye gari lililo mbali. Magari 10 ya watengenezaji wanane yalidanganyika.

Afrika Mashariki

Magari mengi hapa ni yaliyotumika Japani, na mara nyingi hushuka bandarini Mombasa au Dar es Salaam na ufunguo mmoja tu. Rimoti za Japani hutumia takriban megahezi 315 na za Ulaya 433.92, ndiyo maana rimoti iliyotoka kwenye gari la Uingereza, hata ikiwa na nembo ileile, haifungui gari la Japani. Kenya hukataa magari yenye umri unaozidi miaka minane, Tanzania huyapokea ya zamani zaidi kwa kuyatoza ushuru wa uchakavu. Hivyo fundi wa Nairobi hukutana mapema na funguo janja, huku wa Dar es Salaam akiendelea kuhudumia pia magari yasiyo na chipu kabisa.

Sheria

Nchini Marekani mafundi huhakikiwa kupitia daftari la shirika la NASTF kabla ya kupewa namba za siri za watengenezaji. Fundi makini wa Afrika Mashariki hudai kitambulisho pamoja na kadi ya gari au logibuku.

Hali ya sasa

Tangu 2020 baadhi ya magari ya BMW hufunguliwa kwa simu ya iPhone, na mwaka 2021 muungano wa Car Connectivity Consortium ulitoa viwango vya ufunguo wa kidijitali unaopima muda wa safari ya mawimbi ili kuzuia hila ya kuyarefusha.