Mtazamaji kama Mhakiki: Fikra za Wapenzi wa Filamu kutoka Vugiri hadi Ogembo

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umeshughulikia kwa kina riwaya, tamthilia na ushairi. Mazungumzo ya mpenzi wa filamu juu ya filamu aliyotoka kuitazama hayajapewa nafasi kama hiyo. Makala haya yanadai kwamba mazungumzo hayo ni uhakiki, na kwamba historia yake inaeleweka tu pale yanapotenganishwa maswali mawili: "Uliona nini?" na "Waonaje?" Swali la kwanza hupima macho, la pili huomba hukumu. Mfano unaolengwa ni Ogembo, mji wa soko katika nchi ya Wagusii uliopata kuwa makao makuu ya Wilaya ya Gucha. Huko mtazamaji huikabili filamu akiwa na lugha tatu: Ekegusii, Kiswahili na Kiingereza. Ili kumwelewa, yafaa kuanza na wale waliomtangulia.

2.0 Swali la Kwanza

Kati ya 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu za mafunzo huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Mradi huo ulifadhiliwa na Carnegie Corporation na kuongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu zake zilizungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Sauti ilirekodiwa katika sahani za santuri, hivyo filamu moja iliweza kusema kwa lugha mbalimbali.

Mojawapo, Post Office Savings Bank, inasimulia habari za watu wawili: mmoja anazificha fedha zake na kuibiwa, mwingine anaziweka katika benki ya posta. Kwa watengenezaji, hilo lilikuwa somo la akiba. Kwa hadhira iliyolelewa na ngano, iwe emegano ya Wagusii au ngano za Wasambaa, umbo hilo halikuwa geni: watu wawili, njia mbili, mwerevu na mjinga. Aidha, mwizi aliyekusudiwa kuwa onyo ndiye anayekisukuma kisa. Hadhira ilikuwa na vigezo vya kuipima kazi hiyo kabla projekta haijafika.

Vigezo hivyo havikuthaminiwa. William Sellers, aliyehusika na Colonial Film Unit tangu ilipoundwa mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini alihitaji filamu za mwendo wa polepole, zisizo na mbinu ngumu za upigaji picha. Msimamo huo ulipata mfano wake mashuhuri katika kisa kilichochapishwa na John Wilson mwaka 1961 na kuenezwa na Marshall McLuhan mwaka 1962. Wanakijiji walioneshwa filamu ya usafi wa mazingira. Walipoulizwa waliona nini, walijibu kwamba waliona kuku. Watengenezaji hawakujua kuwa mna kuku hadi walipoikagua filamu picha kwa picha, wakamkuta akipita kwa takribani sekunde moja.

Kisa hiki kimetumiwa kama ushahidi wa kutoelewa. Hata hivyo, kuku alikuwamo. Watazamaji waliliona jambo ambalo wenye filamu hawakuliona. Walijibu swali waliloulizwa. Lile la pili halimo katika kisa hicho.

3.0 Swali la Pili

Nje ya filamu za mafunzo, watazamaji walilijibu swali la pili bila kuulizwa. Kitabu cha Laura Fair, Reel Pleasures (2018), kinaonesha jinsi wapenzi wa sinema wa Tanzania walivyozitumia filamu za Kihindi, hasa Awara (1951) ya Raj Kapoor, kujadili mapenzi, ukoo na haki. Ujio wa video ulizaa sanaa nyingine: ufasiri wa filamu kwa Kiswahili. Tanzania ilimpata Lufufu. Kenya ikampata DJ Afro. Hawa hawatafsiri maneno tu. Humkejeli adui, humwonya shujaa na kumpa mhusika wa Hollywood au Hong Kong tabia za mtaani.

Watazamaji nao wamejitungia istilahi. Mhusika mkuu ni stelingi, na kanuni yake ni kwamba stelingi hafi. Kauli hiyo ni nadharia fupi ya utanzu: inatabiri muundo wa kisa, na filamu inayoivunja huhukumiwa kwayo.

Kwa mtazamaji wa Ogembo, hali hii ina uzito wa pekee. Tangu 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima, kizazi kizima cha Wagusii kiliweza kuifuata filamu ya kigeni kupitia lugha ya mfasiri, kisha kuijadili kwa Ekegusii. Hukumu hupita lugha mbili kabla ya kutulia. Lakini lipo tatizo: mfasiri huhukumu mapema. Anapomcheka mhusika, mtazamaji hukuta kicheko kimekwisha kuandaliwa. Mazungumzo ya baadaye ndiyo humpa nafasi ya kukubali au kukataa.

4.0 Hitimisho

Nadharia ya Sellers iliachwa, lakini ukimya wa wahakiki unaweza kuleta matokeo yale yale: mtazamaji kuhesabiwa bila kusikilizwa. Fasihi simulizi tayari ina mbinu za kurekodi utendaji pamoja na miitikio ya hadhira. Mbinu hizo zitumike kukusanya mazungumzo ya wapenzi wa filamu katika lugha wanazohukumia, Ekegusii ikiwamo. Riwaya hubaki rafuni ikimngoja msomaji mwingine. Mazungumzo haya hufa na waliyoyasema.