Aijuaye Adhabu ya Kaburi ni Maiti

Apitaye asubuhi katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, tangu Ndia Kuu hata Ngome ya Yesu, husikia watu wakijuliana hali. Hata aliye mgonjwa hujibu, "Sijambo, alhamdulillahi," kwani ndiyo adabu. Jibu hilo lamtosha jirani, lakini halimtoshi tabibu. Je, ataujuaje uzito wa maradhi?

Zamani matabibu waliamua wenyewe. Mwaka 1948 daktari Karnofsky na wenzake, huko Marekani, walitangaza kipimo cha wagonjwa wa saratani: 100 kwa mzima, 0 kwa maiti. Aliyetia alama ni daktari, wala si mgonjwa. Mwaka huo huo katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika, ikisema kwamba afya si kukosa maradhi tu, bali ni uzima wa mwili, wa akili na wa maisha pamoja na watu. Uzima wa namna hiyo hauonekani kwa hadubini. Sharti aulizwe mwenyewe.

Basi zikatungwa karatasi za maswali, ziitwazo hojaji. Moja iliyo mashuhuri, SF-36, ilitolewa Marekani mwaka 1992, nayo ina maswali 36. Haikomei kuuliza hali, huuliza vitendo. Waweza kupanda ngazi? Maumivu yamekuzuia kazi?

Walakini kila swali lina kwao. Miongoni mwa mifano ya kazi, hojaji hiyo ilitaja kucheza gofu na kusukuma mashine ya kufyonza vumbi. Bibi aliyefagia kwa ufagio wa chelewa maisha yake yote atajibu nini? Akisema, "Siwezi," je, ni ugonjwa, au hajapata kuishika mashine hiyo? Bali swali la ngazi atalifahamu mara moja, maana nyumba nyingi za Mji wa Kale ni za ghorofa.

Katika miaka ya 1990 hojaji hiyo ilifasiriwa kwa Kiswahili nchini Tanzania, ikajaribiwa kwa watu wa Dar es Salaam. Katika kazi kama hiyo, mfasiri ageuzaye maneno bila kuyajua maisha ya watu humpotosha tabibu, na mgonjwa ndiye aumiaye.

Enyi wanafunzi, huenda baadhi yenu mtakuwa matabibu au wafasiri. Msiiache adabu ya kujuliana hali. Lakini mtakapomwuliza mgonjwa, mwulizeni kwa maneno ya nyumbani kwake, kisha mngojeni ajibu.